UZI: Camargue mwezi Novemba na Desemba. Mnaosema ndege wote wameshakimbilia Afrika, pitieni hapa

Mwambao13 (Arles, Ufaransa)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Novemba nasikia maneno yaleyale kwa Waswahili wenzangu tunaoishi huku kusini mwa Ufaransa: "Ndege wameshaenda zao kwetu kuota jua, wewe na hiyo darubini unakwenda kuangalia nini kwenye baridi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye magrupu, bora nifungue uzi.

Pwani hii ya Mediterania majira ya baridi ndiyo msimu wenyewe. Walioondoka ni wale wanaokula wadudu warukao: mbayuwayu, teleka, keremkerem. Wadudu wakiisha hewani, hao hawana riziki hapa. Lakini bata wa Urusi na korongo wa Finland maziwa yao yameganda barafu, na kwao hapa ndiyo kusini. Maji yako wazi, punje za mpunga zimebaki shambani baada ya mavuno, mizizi na mbegu za majani ya majini zipo tele. Ukishapata vyote hivyo Arles, Sahara unaivukia nini?

Kwa wasiopajua: Camargue ni delta ya mto Rhône. Mto ukifika Arles unagawanyika mikono miwili, mkubwa unakwenda mashariki na mdogo magharibi, na katikati yake ni nchi tambarare ya mabwawa, matete, mashamba ya mpunga, mashamba ya chumvi, ng'ombe weusi na farasi weupe. Bwawa kubwa linaitwa Vaccarès, hekta zipatazo 6,500, lakini kina chake ni kifupi mno kwa ukubwa huo. Hifadhi ya pale ipo tangu 1927. Na jambo ambalo wenyeji hawalisemi kwa sauti: Desemba hakuna mbu. Aliyewahi kufika Julai ananielewa.

Ushauri wangu ni huu: ipange siku yako kurudi nyuma, kuanzia machweo. Desemba jua linazama saa kumi na moja jioni na dakika chache. Saa kumi uwe umeshasimama mahali pako, kwa mfano kwenye barabara ndogo za Mas d'Agon kaskazini mwa Vaccarès, au upande wa Marais du Vigueirat karibu na Mas-Thibert. Korongo wanarudi kutoka mashamba ya mpunga kwenda kulala majini, wamepanga mistari, na sauti yao inakufikia kabla hujawaona. Kwenzi wanakuja kwa maelfu juu ya matete, wanajikunja na kujikunjua angani hadi giza. Kwarara weusi wanapita chini chini. Miaka ya 1990 kwarara huyo alikuwa adimu hapa, ukimwona unampigia mwenzako simu. Siku hizi wanafunika shamba zima.

Asubuhi na mchana nendeni Pont de Gau, kama kilomita nne kabla ya kufika Saintes-Maries-de-la-Mer. Ni hifadhi ya hekta 60, imeanza 1949, ina vijia vya kutembea na vibanda vya kujificha. Wajuaji wanaidharau kwa kuwa kuna kiingilio na watoto wa shule. Mimi siidharau hata kidogo. Heroe (flamingo) wako mita chache kutoka kwako, na kuanzia sasa wameanza ngoma: kundi zima linatembea limebanana, shingo juu, vichwa vinageuka kushoto kulia kwa kasi, mara mmoja anafungua mbawa na wekundu wote unaonekana, wenzake wanafuata. Wanatafuta wenza mapema, miezi kabla ya kutaga.

Maswali karibuni.

Supu_Ya_Bata

Kwa hiyo bata wote hao mnawaangalia tu halafu mnarudi nyumbani kula mkate? 😂

Mwambao13

Mkuu, wanaowala wapo wengi tu. Nakuja huko.

Nakuru_Damu (Nakuru)

Uzi mzuri. Swali: hao heroe ni walewale wa kwetu? Maana mimi nimekulia kando ya Ziwa Nakuru, picha za Ufaransa naona kama warefu zaidi na rangi imepauka.

MzeeWaMatete (Marseille)

Umeona vizuri kijana. Kwenu kuna aina mbili. Yule mdogo mwenye mdomo mwekundu unaokaribia weusi na rangi iliyokolea ndiye anayejaza maziwa ya Bonde la Ufa, na karibu wote wa Afrika Mashariki huzalia Ziwa Natron. Yule mkubwa, mweupe mweupe mwenye mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, naye yupo kwenu kwa uchache, na huyo ndiye huyu wa Camargue. Rangi wote wanaipata kwenye chakula. Hapa ni uduvi mdogo wa maji ya chumvi. Kinda wa mwaka wa kwanza ni wa kijivu kabisa, majira haya utawaona wengi, usidhani ni wagonjwa.

Niwape na historia kidogo maana vijana mnaona kundi mnadhani lilikuwepo siku zote. Miaka ya 1960 heroe walikuwa wanashindwa kuzaa hapa. Mwaka 1970 wakajengewa kisiwa katika bwawa la Fangassier, ndani ya mashamba ya chumvi ya Salin-de-Giraud. Ndege wakakipita wanakitazama tu. Watafiti wa Tour du Valat, kituo cha utafiti cha hapa Camargue, wakaingia kazini, wakafinyanga viota bandia vya udongo kisiwani, na mwaka 1974 heroe wakakubali kutaga. Kuanzia 1977 makinda wanavishwa pete za plastiki zenye herufi, zinasomeka kwa darubini ya miguu mitatu. Kwa pete hizo imejulikana kwamba mmoja anaweza kuishi zaidi ya miaka arobaini, na kwamba wa hapa wanafika Hispania, Sardinia, Tunisia, Uturuki, hadi Mauritania na Senegal.

Wengine hawaendi popote, wanabaki hapahapa baridi yote. Ni kamari. Januari 1985 mabwawa yaliganda siku nyingi mfululizo na heroe wapatao 3,000 wakafa pwani hii ya Ufaransa. Walionusurika wakaendelea kuzaa, na kundi likaongezeka.

BintiThika (Lyon)

Shikamoo mzee. Asante kwa darasa.

Mimi nilipita Camargue mwaka jana na jambo moja lilinikera, sijui kama ni mimi peke yangu. Alfajiri unasikia bunduki! Kila upande. Sasa hii ni hifadhi au ni machinjio? Sisi Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku 1977, nikajua Ulaya ndio waalimu wa uhifadhi.

Mwambao13

Dada BintiThika, hapo umegusa penyewe. Bila kuelewa bunduki huwezi kuelewa ndege wa Camargue majira ya baridi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Delta si hifadhi moja. Kuna vipande vilivyolindwa, na kuna mashamba ya watu binafsi ambako uwindaji wa bata ni halali kuanzia Agosti hadi mwisho wa Januari. Bata wamejifunza ramani hiyo kuliko sisi. Mchana kutwa wanajazana kwenye maji yaliyolindwa, Vaccarès na kwingineko, wamelala, wanajisafisha, wanatongozana. Wanaokula mchana ni wachache. Giza likiingia wanainuka kwa makundi, wanakwenda kula kwenye mabwawa ya maji matamu, mengi yakiwa ndani ya ardhi za wawindaji, na kabla ya mapambazuko wanarudi. Ndiyo maana mwindaji anawangoja nyakati hizohizo mbili, na ndiyo maana unasikia milio alfajiri.

Kwa mtazamaji maana yake ni hii: mchana utaona bata wengi mno wakiwa mbali, wameweka vichwa mgongoni, na utachoka. Dakika kumi na tano baada ya machweo wanapita juu ya kichwa chako hadi unasikia upepo wa mbawa, ila huwaoni vizuri. Chagua moja. Mimi huchagua mbawa.

Nakuru_Damu (Nakuru)

Tanzania uwindaji upo halali pia, tusijifanye Afrika Mashariki yote ni Kenya.

MzeeWaMatete (Marseille)

Kweli hiyo. Na nitasema jambo ambalo binti yangu hatalipenda. Kiangazi cha hapa ni kikavu. Kwa kawaida ya asili vinamasi vingi vingekauka hadi mvua za vuli. Mwenye shamba la kuwinda anavuta maji ya Rhône kwa pampu na mifereji, analipia umeme, ili bata wakija wakute bwawa. Mkiwaondoa wawindaji kesho, nani atalipa? Mwenye shamba atalima mpunga, au atauza.

BintiThika (Lyon)

Mzee kwa heshima zote, hiyo ni hoja ya mwenye duka. Maji hayohayo ya kuingizwa wakati si wake yanaharibu mimea iliyozoea kukauka kiangazi, hata wahifadhi wa hukohuko wanalisema. Na risasi za madini ya risasi (lead) je? Bata anameza punje za risasi akidhani ni changarawe za kusagia chakula, anakufa polepole kwa sumu bila kupigwa. Ufaransa ilikataza risasi za madini hayo kwenye maeneo ya maji 2006, Umoja wa Ulaya mzima Februari 2023. Zilizozama tangu zamani bado ziko kwenye tope na bata bado wanazimeza.

MzeeWaMatete (Marseille)

Hapo kwenye risasi sina ubishi. Kwenye maji nabaki na langu.

Mwambao13

Mimi niko katikati, na nakiri si mahali pazuri pa kukaa. Ningependa vipande vilivyolindwa viwe vikubwa zaidi na viwe na maji matamu ndani yake, bata asilazimike kwenda kula kwenye mtutu. Tuendelee.

Mkaanga_Chumvi (Barcelona)

Wenye kuishi Hispania msione wivu. Delta ya mto Llobregat iko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa El Prat, unafika kwa usafiri wa umma. Ndege za chuma zinapita juu, ndege wa manyoya chini, wala hawashtuki. Novemba yote nimeona bata wa mdomo mpana kama mwiko, sululu, na mnandi wamejipanga juu ya vigingi wamefungua mbawa kukausha. Ukiwa na gari nenda Delta ya Ebro, kule ni mpunga mtupu na heroe wapo pia.

Khamis_Muscat (Dubai)

Na Ghuba msitusahau. Ras Al Khor hapa Dubai, heroe wale wakubwa, nyuma yao maghorofa. Sisi tunavaa fulana Desemba, nyie endeleeni na makoti.

Supu_Ya_Bata

Haya mimi nimekuja kutania nikajikuta nasoma hadi chini. Swali la kweli sasa: mbayuwayu waliotoka hapo ndio hawa ninaowaona Morogoro kwenye nyaya za umeme?

MzeeWaMatete (Marseille)

Aina ni hiyohiyo, ila walioondoka hapa kwa kawaida hushuka Afrika Magharibi na Kati. Wanaokuja upande wenu wengi wao ni wa mashariki zaidi, nchi za Urusi na jirani zake. Mfano ulio wazi ni korongo weupe, ambao si wale korongo wa Finland. Wa Ufaransa na Hispania hupitia mlango wa Gibraltar kwenda Saheli, wa Poland na jirani zake hupitia Bosphorus, Sinai na bonde la Nile hadi kwenu. Korongo hapendi kuvuka bahari pana kwa sababu anapaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipatikani vizuri. Na siku hizi baadhi ya korongo weupe hawasafiri tena, utawaona Desemba hapa Camargue wakitembea shambani.

Bata wa mdomo wa mwiko aliowataja Mkaanga_Chumvi, wapo wa aina hiyo wanaoshuka hadi Naivasha na Nakuru kila mwaka. Aina moja, tabia tofauti kulingana na alikozaliwa.

Fulani_wa_Watamu (Watamu)

Na kitwitwi je? Hapa Mida Creek kuanzia Septemba mchanga umejaa, wale weupe wanaokimbizana na wimbi, na sululu, na chekeamwezi wa kila namna.

Mwambao13

Wale weupe wa kukimbia na wimbi tunao, ufuo wa Saintes-Maries na ule wa Piémanson. Wanazaliwa Aktiki kabisa, halafu wanatawanyika pwani karibu zote za dunia, kwa hiyo mimi na wewe tunagawana. Ila wewe una chekeamwezi wengi zaidi Desemba. Hapa wengi walipita Agosti na Septemba wakaendelea zao.

Mama_Darubini (Toulouse)

Naomba ya vitendo sasa. Nitakuja na mume wangu wiki ya kabla ya Krismasi. Hatuna gari. Tuna darubini moja ya mkono, 8x42. Inatosha? Na nguo?

Mwambao13

Karibuni sana mama.

Darubini hiyo inatosha kabisa kwa Pont de Gau. Kwa Vaccarès utatamani ile ya miguu mitatu, lakini usinunue kwa ajili ya safari moja. Pale La Capelière, kituo cha hifadhi upande wa mashariki wa bwawa, kuna vibanda vilivyo karibu na maji.

Bila gari: basi kutoka Arles hadi Saintes-Maries lipo, uliza ratiba ya msimu kwa sababu ya baridi ni chache. Mjini mnaweza kukodi baiskeli kama duka liko wazi, pigeni simu kwanza, mengi hufunga. Mkiwa na baiskeli, pita Digue à la Mer, tuta refu kati ya mabwawa na bahari lililojengwa karne ya 19 kuzuia maji ya chumvi. Magari hayaruhusiwi. Nendeni hadi mnara wa taa wa Gacholle kisha mrudi. Heroe pande zote, sululu, buabua wa majira ya baridi, na bahari upande mmoja.

Nguo ni suala la mistral. Huu ni upepo unaoshuka bonde la Rhône kutoka kaskazini, mkavu, unavuma siku kadhaa mfululizo, na anga linakuwa la buluu safi hadi unadanganyika ukiangalia dirishani. Nyuzi nane za jotoridi na mistral mwili unazihisi baridi kuliko namba inavyosema. Koti lisilopitisha upepo, kofia inayofunika masikio, glavu nyembamba za kuzungushia darubini. Kwenye tuta msithubutu baiskeli siku ya mistral kali, mtasukuma kwa mguu. Siku hiyo kaeni nyuma ya matete upande uliokingwa na upepo, ndege wote nao wamejibanza hukohuko.

MzeeWaMatete (Marseille)

Niongeze. Mkikaa kibandani, msitafute ndege kwa macho tu. Sikilizeni na mtazame mienendo. Bata wote wakiinuka kwa pamoja bila bunduki kulia, angalieni juu, kuna tai au kipanga wa kinamasi. Kukuziwa wao hawaruki, wanajikusanya wakabanana majini. Kila baridi huja tai wachache wenye madoa kutoka Ulaya ya mashariki, watu wanasafiri mbali kuwaona, na mara nyingi kinachowafichua ni fujo ya bata.

Na lile linyama la kahawia lenye meno ya rangi ya chungwa linaloogelea Pont de Gau si fisi maji wala panya wa ajabu. Ni mnyama wa Amerika Kusini aliyeletwa Ufaransa kwa ajili ya ngozi yake, akatoroka, sasa anachimba kingo za mifereji ya watu.

BintiThika (Lyon)

Mama_Darubini, mkipata lifti siku moja msikose Les Baux-de-Provence, hapo jirani na Arles, juu ya vilima vya Alpilles. Majira ya baridi tu kuna kandege kanakoshuka kutoka milima ya Alps, ka kijivu, kanatambaa kwenye kuta za ngome na majabali. Kamekaa tu hukaoni, rangi ni ya jiwe. Kakifungua mbawa ni wekundu wa damu na madoa meupe. Nilisimama chini ya ukuta pale asubuhi nzima hadi shingo ikauma, watalii wakanizunguka wakijua kuna mtu anataka kuruka.

Supu_Ya_Bata

😂😂 Na ulikaona?

BintiThika (Lyon)

Nilikaona. Sekunde chache, kakazunguka kona ya mwamba.

Nakuru_Damu (Nakuru)

Mwambao13, hesabu ya Januari unashiriki? Sisi huku tunahesabu ndege wa majini maziwa yote ya Bonde la Ufa mwezi huohuo.

Mwambao13

Ni hesabu moja hiyo mkuu, ya kimataifa, ilianza 1967, katikati ya Januari kila nchi inahesabu ya kwake. Mmoja wa walioisukuma miaka hiyo ni Luc Hoffmann, Mswisi aliyeanzisha Tour du Valat hapa Camargue mwaka 1954, na ndiye pia mmoja wa waliopigania mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Kenya iliingia mkataba huo 1990 kwa Ziwa Nakuru lako. Nitakuwepo, wananipa kazi ya kuandika namba wakati wenye macho wanahesabu.

Mama_Darubini (Toulouse)

Asanteni wote. La mwisho: tukiona heroe mwenye pete tufanye nini? Kuna mahali pa kupeleka?

MzeeWaMatete (Marseille)

Tour du Valat wanapokea, unatuma kwa intaneti na wao hukurudishia historia ya ndege huyo, alizaliwa wapi na ameonekana wapi. Piga picha ya mguu kwanza, usihangaike na uso. Kisha andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, mguu wa kulia au kushoto, herufi zote kwa mpangilio wake, tarehe na bwawa lenyewe. Kama herufi moja imefichwa na tope, weka alama ya kuuliza, usibuni. Na ngojeni ahamishe mguu, maana anapenda kusimama kwa mmoja na wenye pete ndio umekunjwa tumboni.